Kwa nini tuliandika "xaxa": historia ya kidole gumba, ubongo na uvumi, kutoka Marekani hadi Hewani

Leo tuziache programu kidogo tuongee historia, tena historia ya kitu kidogo: kidole gumba, na njia iliyopo kati yake na ubongo.

Maswali ya kompyuta na afya huwa ni yale yale. Nikae vipi nisiumwe mgongo? Kioo kiwe umbali gani na macho? Mikono niiweke wapi? Ni maswali mazuri. Lakini elimu ya kulinganisha kifaa na mwili haiishii mgongoni, maana ubongo nao ni kiungo cha mwili. Kifaa kinaweza kukaa vizuri kabisa mkononi na bado kikaukalia ubongo vibaya.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko hapa hapa pwani ya Kenya, katika Delta ya Tana, kwenye vijiji kama Hewani, Wema na Kulesa, upande wa Garsen. Huko watu walijifunza kwa machungu nini hutokea pale simu inaporahisisha kupasha habari lakini hairahisishi kuiuliza. Tutafika huko. Kwanza tuanze na "xaxa".

Hesabu ya xaxa

Kama una simu ya zamani ya vitufe, ile kabambe yenye tochi tuliyoiita mulika mwizi, itoe kabatini. Zima kamusi ya kubahatisha maneno, halafu andika "sasa". Herufi S iko kwenye kitufe cha 7 pamoja na P, Q na R, na yeye ndiye wa mwisho. Unabonyeza mara 4 kupata S, mara 1 kupata A, 4 tena, 1 tena. Jumla 10.

Sasa andika "xaxa". X iko kwenye kitufe cha 9, ya pili baada ya W. Mbili, moja, mbili, moja. Jumla 6.

Vijana wa Kenya walipoandika "xaxa" na "poa xana" miaka ya 2000, wazee walisema lugha inaharibika. Mtindo ulikuwepo, ndiyo, na kujionyesha kulikuwepo. Lakini tazama hesabu: kidole kilipunguziwa kazi kwa asilimia 40 na aliyesoma alielewa vile vile. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa "cjui" badala ya "sijui": kutoka mara 13 hadi mara 9. Na "2taonana" iliokoa herufi nzima, kwa kuwa simu nyingi ukikishikilia kitufe cha 2 kidogo namba inatoka yenyewe.

Kwa ujumla Kiswahili kilikuwa na bahati kwenye vitufe hivyo. Herufi tunayoitumia kuliko zote ni A, na A ni ya kwanza kwenye kitufe chake. "Mambo" ni mara 8 tu. "Hello" ya Kiingereza ni mara 13, tena zile L mbili zinakulazimisha usubiri kidogo katikati. Tatizo letu lilikuwa S.

S ilifikaje mwisho wa foleni?

Herufi kwenye namba za simu ni za zamani kuliko ujumbe wa maandishi. Huko Marekani ziliwekwa kwenye simu za kuzungusha kwa sababu jina la kituo cha simu cha mtaa lilikuwa sehemu ya namba: ulizungusha herufi za mwanzo za jina la kituo, kisha tarakimu. Katika mpango huo wa zamani 7 ilikuwa na P, R na S tu, na 9 ilikuwa na W, X na Y. Q na Z hazikuwa na nafasi yao ya kawaida. Baadaye zilipoingizwa, Q ilikaa kati ya P na R, na S ikasukumwa kutoka nafasi ya tatu hadi ya nne.

Sasa angalia kichekesho. Kiswahili sanifu hakina Q wala X. Herufi tusiyoitumia ilisukuma nyuma herufi tunayoitumia sana, na vijana wakalipa kisasi kwa kuazima herufi nyingine tusiyoitumia. Hakuna kamati iliyokaa. Kidole chenyewe kilitafuta njia ya mkato.

Mpangilio wa namba zenyewe, 1-2-3 juu na 0 chini, haukuja kwa bahati. Maabara ya Bell huko Marekani ilikuwa na kikundi cha wanasaikolojia kilichoongozwa na John Karlin, kazi yao kuchunguza jinsi binadamu wa kawaida anavyotumia simu. Mwaka 1960 R. L. Deininger alichapisha matokeo ya majaribio ya mipangilio mingi ya vitufe: mduara, mistari miwili, ule wa mashine za kuhesabia wenye 7-8-9 juu, na mingineyo. Walipima kasi, walihesabu makosa, waliuliza watu wanapenda upi. Simu za vitufe ziliingia sokoni Marekani mwaka 1963 na mpangilio huo ndio ulio kwenye simu yako hadi leo, hata ya kioo.

Kumbuka jambo moja hapo, tutalihitaji mbele. Walichopima ni kasi ya kidole, makosa ya kidole na raha ya mtumiaji. Namba ya simu ukiikosea, unakata na kupiga upya. Hakuna aliyehitaji kupima nini hutokea kichwani mwa anayepokea.

Herufi 160

Hatua ya pili ni Ujerumani. Mwaka 1985 mhandisi Friedhelm Hillebrand, akiwa Bonn, alikaa na mashine ya kuchapa akaandika sentensi za kawaida, maswali na salamu, kisha akahesabu herufi. Karibu zote hazikufika 160. Kadi za posta na ujumbe wa teleksi navyo vilionyesha kwamba watu husema mambo yao kwa maneno machache. Nafasi iliyopatikana kwenye mitambo ilikuwa biti 1,120. Ukitumia biti 7 kwa herufi moja, 1,120 gawanya kwa 7 ni 160. Hapo ndipo SMS ilipozaliwa, na ujumbe wa kwanza ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992.

Kiswahili cha herufi za Kirumi kiliingia bila shida, hata ng' na alama yake. Kiswahili cha herufi za Kiarabu, ambacho pwani yetu imekiandika kwa karne nyingi, kingehitaji biti 16 kwa kila herufi, kwa hiyo ujumbe mmoja ungebeba herufi 70 tu. Mkutano wa Bonn, bei ya Lamu!

Herufi 160 zinatosha kusema "watu wameonekana na silaha ng'ambo ya mto". Hazitoshi kueleza nani aliwaona, saa ngapi, kwa mbali kiasi gani, na kama yeye mwenyewe ana hakika. Mtu akibanwa nafasi, kitu cha kwanza kukata ni mashaka.

Halafu ikaja simu yenyewe. Nokia 1100 ilitolewa mwaka 2003, ikauzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Ilikuwa na tochi, vitufe vilivyofunikwa mpira ili vumbi lisiingie, na ubavu usioteleza mkononi penye jasho. Kwa upande wa mkono huo ulikuwa ufundi mzuri sana. Mkulima aliyetoka shambani na mchungaji aliye nyuma ya ng'ombe waliweza kuitumia kwa mkono mmoja huku wakitembea.

Habari ilipokuwa na miguu

Sasa tuje Tana. Hewani ni kijiji cha Wapokomo karibu na Garsen. Ni nchi ya mpunga, ndizi na maembe, na ya mto unaotoa na kuchukua. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yaliharibu hata tuta za mradi mkubwa wa mpunga wa delta. Waorma na Wardei, majirani wafugaji, huja mtoni kiangazi kutafuta maji na majani, kupitia njia za kunyweshea mifugo ziitwazo malka. Shamba na njia ya ng'ombe vikigombea ukingo mmoja, kila upande una sababu ya kutega sikio.

Kabla ya simu, habari ilikwenda kwa mguu au kwa mtumbwi. Ilichelewa, na kuchelewa kuna hasara zake. Lakini mleta habari alikuwa na uso. Alipofika, alikaribishwa, akapewa maji, kisha akaulizwa: Uliona kwa macho yako au uliambiwa? Nani alikuambia? Ulimwacha wapi? Wazee walimtazama machoni huku akijibu. Maswali hayo hayakumgharimu mtu chochote, kwa kuwa mwenye habari alikuwa amekaa pale pale.

SMS ililetwa na kidole, si na mtu. Kuipeleka kwa watu kumi kulikuwa rahisi. Kurudi nyuma hadi kwa aliyeianzisha kulihitaji kredo, muda, na namba ambayo pengine huna. Kwa hiyo gharama ya kupasha ilishuka karibu na sifuri, na gharama ya kuuliza ikapanda. Hilo ndilo jambo kubwa la makala hii, wadau. Mengine yote ni maelezo yake.

Ubongo unafanyaje na jambo lililorudiwa?

Mwaka 1947 wanasaikolojia wa Marekani Gordon Allport na Leo Postman walitoa kitabu kuhusu uvumi. Walisema uvumi hukua pale mambo mawili yanapokutana: jambo liwe muhimu kwa watu, na habari zake ziwe hazieleweki. Kimoja kikiwa sifuri, uvumi hufa. Walifanya pia majaribio ya kupokezana: mtu anaona picha, anamsimulia wa pili, wa pili anamsimulia wa tatu. Baada ya kupita midomo mitano au sita, karibu asilimia 70 ya mambo madogo madogo yalikuwa yamepotea.

Sasa linganisha na ujumbe uliofowadiwa. Haupotezi hata nukta. Mtu wa mia moja anapokea maneno yale yale aliyopokea wa kwanza. Zamani habari iliyotoka mbali ilifika imechakaa, na kuchakaa kwake kulikuonya. Ujumbe wa simu unafika mpya kana kwamba umeandikwa sasa hivi na rafiki yako, kwa sababu jina linalotokea kwenye kioo ni la rafiki yako.

Mwaka 1977 Lynn Hasher, David Goldstein na Thomas Toppino walichapisha jaribio jingine. Waliwapa wanafunzi sentensi za maarifa ya kawaida, nyingine za kweli na nyingine za uongo, mara tatu kwa kupisha wiki mbili mbili. Sentensi zilizorudiwa zilizidi kuaminiwa, ziwe za kweli au za uongo. Ubongo hulichakata kwa wepesi jambo ulilokwisha kulisikia, na wepesi ule unauchukua kama dalili ya ukweli.

Waswahili tuna methali yake: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kama maelezo ya jinsi ubongo unavyofanya kazi, methali hiyo ni sahihi kabisa. Kama ushauri wa nini cha kufanya saa sita za usiku simu ikilia, ni hatari.

2008 na 2012

Kenya yote ililiona hilo baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. SMS za chuki na za kutisha zilizunguka sana. Nguvu ile ile ya kidole ilitumika upande wa pili pia: Januari 2008 wanablogu na wataalamu wa programu, Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia, walijenga Ushahidi, ambapo mtu aliweza kuripoti tukio na likaonekana kwenye ramani.

Kisha ikaja zamu ya delta. Tarehe 22 Agosti 2012 kijiji cha Riketa kilishambuliwa. Tarehe 10 Septemba ikawa Kilelengwani. Tarehe 21 Desemba ikawa Kipao. Hadi mapigano hayo yalipotulia mwanzoni mwa 2013 watu zaidi ya 100 walikuwa wamekufa, wanawake na watoto wakiwemo, na maelfu wamekimbia makwao. Tusidanganyane: simu haikuanzisha hayo. Ardhi, maji, malisho na siasa vilikuwepo. Lakini katika hali ya namna hiyo kila kijiji kinalala jicho moja wazi, na ujumbe mmoja kwamba "wanakuja usiku huu" unaweza kuwafanya vijana washike silaha kujilinda. Wakionekana na silaha, ng'ambo nako hutumwa ujumbe kwamba wanakuja. Sasa zote mbili zimekuwa kweli. Laja, kama methali ilivyosema.

Una hakika?

Kuanzia mwaka 2013 shirika la Kanada liitwalo Sentinel Project, likishirikiana na iHub Research ya Nairobi, lilianza huduma katika Delta ya Tana kwa jina la Una Hakika. Kwa mtengenezaji programu ni kazi inayofaa kusomwa, kwa sababu ndani yake hakuna teknolojia ya ajabu hata moja.

Ukisikia uvumi, unatuma SMS au unapiga simu. Usiyesoma au usiye na simu, unamwambia mtu wa kujitolea kijijini kwenu. Uvumi unaandikwa, unapangwa kwa uzito wake: huu unaweza kuua leo, huu unaweza kungoja. Kisha watu huulizwa, wazee, polisi, mashirika yaliyo karibu na mahali penyewe. Jibu likipatikana linarudishwa kwa waliouliza na kwa eneo ambako uvumi umefika: ni kweli, si kweli, au bado linachunguzwa.

Hilo la "bado linachunguzwa" ndilo ninalolipenda kuliko yote. Kumbuka Allport na Postman: uvumi unahitaji umuhimu na giza. Umuhimu huwezi kuuondoa, maana ni maisha ya watu. Giza unaweza kulipunguza, hata kwa kumwambia mtu tu kwamba swali lake limepokelewa na kuna anayelishughulikia.

Na tazama walichobadilisha. Hawakumpokonya mtu simu wala kuifanya SMS iwe ghali. Walishusha gharama ya kuuliza mpaka ikakaribia gharama ya kupasha. Wale wazee waliomketisha mleta habari na kumpa maji walirudi kazini, safari hii wakiwa upande wa pili wa namba ya simu.

Ina mipaka yake. Jibu linachukua muda, na uvumi haungoji. Huduma ya simu haigawi malisho wala haiamui mpaka wa shamba. Pia kasi si adui siku zote. Mabwawa ya juu ya mto yakijaa, Masinga na wenzake, na maji yakaanza kushuka, Hewani inahitaji habari ifike haraka kuliko maji. Hapo ujumbe wa haraka ni uhai. Ndiyo maana dawa haiwezi kuwa kuchelewesha kila kitu. Dawa ni kuhakikisha kwamba njia ya kuuliza iko wazi na ni rahisi kama njia ya kusambaza.

Kampuni kubwa nazo zilifika kwenye wazo la jirani. WhatsApp iliweka kikomo cha kufowadi kwa watu au vikundi 5 tu, India mwaka 2018 na duniani kote Januari 2019. Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kufowadiwa mara nyingi ukaruhusiwa kwenda sehemu moja tu kwa wakati mmoja, na kampuni ilisema kusambaa kwa ujumbe wa aina hiyo kulipungua kwa asilimia 70. Hawakufuta maneno. Waliongeza kazi ya kidole. Lakini kuongeza kazi ya kusambaza ni nusu tu. Nusu ya kuuliza bado imeachiwa mtumiaji.

Vidokezo vya kuondoka navyo

1. Kidole gumba kikiuma upande wa kifundo cha mkono, usikipuuze. Daktari Mswisi Fritz de Quervain alieleza ugonjwa wa kano za kidole hicho mwaka 1895, kabla ya simu hizi. Tumia mikono miwili, pumzisha mkono, andika kwa kidole cha shahada simu ikiwa mezani. Maumivu yakiendelea, muone daktari.

2. Ujumbe wa kutisha ukifika, jiulize umeusikia mara ngapi, kisha jiulize umetoka kwa watu wangapi tofauti. Mara kumi kutoka chanzo kimoja ni mara moja.

3. Ukipasha habari, andika na njia yake: "nimeona mwenyewe", "nimeambiwa na jirani", "sijui ilikotoka". Ni maneno mawili matatu tu, na siku hizi hatubanwi tena na herufi 160.

4. Mtengenezaji programu mwenzangu, ukiweka kitufe cha kusambaza, weka na cha kuuliza pembeni yake, kwa ukubwa ule ule. Ukipima ni sekunde ngapi mtu anatumia kutuma, pima pia ni sekunde ngapi atatumia kujua ujumbe ulianzia wapi. Kama cha kwanza ni sekunde mbili na cha pili hakiwezekani, kazi yako haijaisha.

Haya wadau, tukutane wakati mwingine. Na yule mwenye mulika mwizi kabatini asiitupe. Betri yake bado inashinda yetu.